Vitamini za kuku zinapokataa maji: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Vitamini A, D3 na E huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ukizimimina kwenye tangi la kunyweshea kuku zitaelea, zitashika ukuta wa plastiki, na kuku watakunywa maji matupu huku pesa yako imeganda kwenye jerikeni. Kazi ya kuzipatanisha na maji ni ya sufaktanti: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Zikiwa nyingi vya kutosha, mikia hujikusanya ndani, vichwa hubaki nje, na hutokea vijipira viitwavyo miseli, vyenye upana wa nanomita 10 hivi. Vitamini hukaa katikati, kwenye mikia.

Mfugaji anayejichanganyia mwenyewe, awe Wakiso, Tororo au Arua hapa Uganda, mambo yakiharibika hulaumu maji kwanza. Kisima kina chumvi, bomba lina dawa, mvua imepita kwenye mabati. Maji yana makosa yake na nitayafikia. Lakini kosa kubwa kwa kawaida limeshatendeka kabla tone la kwanza la maji halijaingia kwenye sufuria. Basi unapotafuta ugonjwa wa mchanganyiko wako, anza na mafuta na sufaktanti, uyaache maji hadi mwisho.

Ili tuzungumze kwa kipimo kimoja, chukua mfano huu wa lita 1 ya dawa nzito ya kuzimuliwa: vitamini A palmitati yenye IU (yuniti za kimataifa za kupimia vitamini) milioni 1 kwa gramu, gramu 5, vitamini D3 ya mafuta yenye IU milioni 1 kwa gramu, gramu 1, vitamini E asetati, gramu 20, polisobeti 80, ndiyo sufaktanti yetu, ambayo dukani wengi huiita Tween 80, gramu 130, gliserini, gramu 100, halafu maji safi hadi lita itimie. Mililita 1 katika lita ya maji ya kunywa inatoa IU 5,000 za A, IU 1,000 za D3 na miligramu 20 za E. Hiki ni kiasi cha siku chache za shida, kwa mfano baada ya safari au chanjo, si cha kila siku mwaka mzima.

Macho ya mafuta yanapanda juu papo hapo

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa kuliko zote. "Daktari, nimekoroga mpaka mkono umekufa, mafuta yanarudi juu." Mkono hauna kosa. Uliza kwanza: kipi kilitangulia kuingia?

Wengi huweka maji, kisha polisobeti, kisha vitamini, wakitegemea kukoroga kutamaliza kazi. Miseli hujiunda ndani ya maji zikiwa tupu, na mafuta yanayokuja baadaye hayapati mlango wa kuingilia isipokuwa polepole mno. Geuza mpangilio. Pima vitamini zote za mafuta na polisobeti yote, ziweke pamoja kwenye sufuria ndogo iliyokalishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto juu ya sigiri, zifike nyuzi 60 hivi, ukoroge hadi uone kimiminika kimoja kisicho na michirizi. Usiweke sufuria ya vitamini moja kwa moja juu ya makaa. Vitamini A haivumilii moto wa namna hiyo, na polisobeti nayo huanza kuchacha.

Kabla ya kuongeza maji, pima kwa tone. Dondosha tone la mchanganyiko huo kwenye glasi ya maji ya vuguvugu. Likitawanyika na kufifia kama moshi wa sigara, endelea. Likipanda juu likawa jicho la mafuta, maji hayatakusaidia, hata ukoroge hadi Krismasi. Rudi kwenye sigiri au ongeza polisobeti. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kama ningeruhusiwa kumwachia msomaji jambo moja tu katika mwongozo huu, ningemwachia hilo tone.

Mpangilio ukiwa sawa na bado mafuta yanapanda, angalia uwiano. Katika mfano wetu mafuta ni gramu 26 na polisobeti gramu 130, yaani 1 kwa 5. Kwa vitamini E asetati, ambayo ni nzito na kaidi, chini ya 1 kwa 4 sitegemei uangavu, na mara nyingine hupanda hadi 1 kwa 6. Watu wakiona polisobeti ni ghali huipunguza nusu. Wanachopata si dawa nusu bei. Ni mafuta yaliyokorogwa.

Kisha kuna sababu ambayo haionekani kwa macho, na ndiyo inayokula watu wengi: mafuta yaliyobeba vitamini. Vitamini A ya dukani haiji tupu. Huja imezimuliwa kwenye mafuta ya alizeti, karanga au mengine. Ukinunua ya IU 100,000 kwa gramu kwa sababu chupa ni kubwa na bei ni ndogo, utahitaji gramu 50 kupata zile IU milioni 5 ambazo gramu 5 za ile kali zingekupa. Sasa polisobeti lazima ibebe gramu 50 za mafuta ya kupikia kwa ajili ya vitamini kidogo iliyomo. Kwa uwiano wa 1 kwa 5 hiyo ni gramu 250, robo nzima ya chupa yako. Isitoshe, mafuta ya alizeti yana molekuli kubwa zisizopenda kuingia kwenye miseli, hivyo hata hiyo 250 huenda isitoshe. Soma lebo: IU kwa gramu, na mafuta ya kubebea ni yapi. Yakiwa ya mnyororo wa kati, yale yanayotokana na nazi au kokwa za mchikichi na kuandikwa MCT, una bahati. Ukiweza, nunua ile kali ya IU milioni 1. (Na zile kapsuli za bluu na nyekundu za watoto wanazogawiwa mwezi wa Aprili na Oktoba, tafadhali ziache kwa watoto.)

Mwisho kabisa, hakikisha sufaktanti yenyewe ni ile inayopenda maji. Kuna kipimo kiitwacho HLB: namba ikipanda, sufaktanti inaelekea upande wa maji. Polisobeti 80 ina 15. Span 80 ina 4.3, na jina lake linafanana vya kutosha kumchanganya muuzaji mwenye haraka pale Container Village, soko la pembejeo la Kampala. Zote mbili ni mafuta mazito ya rangi ya asali. Ile ya 4.3 itashika vitamini vizuri sana na kukataa maji kabisa. Kipimo cha tone kinazitofautisha: polisobeti 80 peke yake huyeyuka kwenye glasi ya maji, Span 80 haiyeyuki.

Waragi nayo hutajwa, kwamba pombe huyeyusha kila kitu. Waragi ya asilimia 40 zaidi ya nusu yake ni maji, haiwezi kushika vitamini A wala E. Hata pombe kali ya maabara inayoziyeyusha itaziachia mara tu ukiimwaga tangini.

Unaongeza maji, mchanganyiko unakuwa mzito kama jeli

Usiogope na usitupe. Maji ya kwanza yanapoingia kwenye mafuta na polisobeti, molekuli hujipanga kwa tabaka kabla ya kujikunja kuwa miseli, na katika hatua hiyo kitu kizima huganda kiasi kwamba mwiko unasimama. Ukiendelea kuongeza maji, jeli hulegea na kuwa kimiminika tena.

Makosa yanayofanyika hapa ni mawili. La kwanza ni kushtuka na kumwaga maji yote kwa pamoja: jeli hukatika mabonge, kila bonge linajifunga kwa nje, na utakaa kutwa ukiyasubiri. La pili ni maji baridi, yanayoikaza jeli zaidi. Maji yawe na joto lile lile la mafuta, nyuzi 55 hadi 60, yaingie kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu bila kuacha. Gliserini ichanganye kwenye mafuta mapema, kwa kuwa inapunguza ukali wa hatua hii. Jeli ikishalegea, yaliyobaki unaweza kuyamimina kwa kasi, na hata yakiwa ya baridi si tatizo.

Mabonge yakishatokea, funika, acha kwenye joto la nyuzi 50 saa chache, koroga mara moja moja. Mengi hufunguka. Mashine ya kusagia matunda haisaidii. Inaingiza hewa, na hewa ni adui tutakayemkuta mbele.

Umetoka mweupe kama maziwa

Hapa sina haraka ya kusema umekosea. Weupe maana yake ni kwamba badala ya miseli una matone ya mafuta makubwa kiasi cha kutawanya mwanga. Kuku hajali. Vitamini iliyo kwenye matone madogo yaliyotulia inafyonzwa tumboni kama kawaida, na mchanganyiko mweupe unaokaa mweupe miezi miwili ni bora kuliko ulio angavu unaovunjika wiki ya pili.

Jiulize kama umetulia. Jaza chupa angavu, iache wima usiku kucha, kisha iangalie shingoni asubuhi. Ukiona pete ya krimu au ya njano juu, matone ni makubwa mno na yanakusanyika. Dozi ya juu ya chupa itakuwa kali na ya chini itakuwa maji. Usipoona pete, subiri wiki moja uangalie tena. Kurunzi ya simu nayo husema: weupe wenye kivuli cha bluu ukimulikwa kwa ubavu ni dalili ya matone madogo sana, weupe mzito wa chokaa ni wa matone makubwa. Tiba ni zile zile za mwanzo, polisobeti zaidi au mafuta ya kubebea machache, na kupasha upya mchanganyiko wote hadi nyuzi 60 kabla ya kuupoza ukikoroga.

Kama ulikuwa angavu ukageuka maziwa ulipouchemsha, hilo ni jambo jingine. Sufaktanti za jamii ya polisobeti hushika maji kwa udhaifu zaidi kadiri joto linavyopanda, na chumvi huzidi kuzidhoofisha. Acha upoe. Ukirudi kuwa angavu, hakuna kilichoharibika ila usiuchemshe tena.

Chupani ni safi, tangini unavunjika

Utando wa upinde wa mvua juu ya maji ya kuku, na mstari wa mafuta kwenye plastiki. Hapa kuna hesabu ndogo yenye faida. Kila sufaktanti ina kiwango cha chini cha kuunda miseli. Ukizimua chini ya hapo, miseli hufumuka. Polisobeti 80 inahitaji miligramu 13 hadi 15 tu kwa lita ya maji. Mfano wetu ukizimuliwa mililita 1 kwa lita hubakiza miligramu 130 za polisobeti, mara tisa hivi ya kiwango hicho, kwa hiyo haufumuki kwa sababu ya kuzimuliwa.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni habari tofauti. Kiungo chake kimojawapo, sodiamu laurili salfeti, kinahitaji zaidi ya gramu 2 kwa lita. Ndiyo maana aliyetumia sabuni hiyo hujisifu akiwa na chupa mkononi na hulia akifika tangini. Sabuni ya kipande, ile ya kufulia, hushindwa hata mapema zaidi, maana madini ya kalsiamu kwenye maji magumu huigeuza utando mweupe. Na juu ya yote, sabuni si chakula. Polisobeti 80 imeruhusiwa kwenye vyakula vya watu kwa miongo mingi. Tumia hiyo, ya daraja la chakula au la dawa.

Kama sufaktanti yako ni sahihi na bado inavunjika, angalia umechanganya na nini tangini. Chumvi za kurudisha maji mwilini, asidi ya kupunguza pH, antibayotiki: kila kimoja kina mchango wake, na vyote kwa pamoja ni vurugu. Toa vitamini peke yake. Kisha osha tangi, maana mafuta ya wiki iliyopita yaliyoganda ukutani huchanganyika na ya leo na kukupotosha.

Povu

Hutokana na kukoroga kwa nguvu au pampu inayozungusha maji. Halidhuru vitamini, ila huingiza hewa kwenye vinywesheo vya chuchu na vifaranga hukosa maji. Mimina dawa kwenye maji yaliyokwisha kujaa, si chini ya bomba linalotiririka.

Harufu ya mafuta yaliyochacha, rangi kutoka njano kwenda kahawia

Vitamini A inaoksidika, yaani inaharibiwa na oksijeni ya hewa. Na inashangaza wengi kusikia kwamba vitamini E iliyomo haiilindi. Vitamini E asetati imezibwa kwenye ile sehemu yake inayokamata oksijeni. Hilo huifanya ikae muda mrefu dukani, na kizibo hutolewa tumboni mwa kuku na vimeng'enya. Ndani ya chupa haina ulinzi wowote inaotoa. Unahitaji kizuia oksidi cha kweli kwenye mafuta kabla ya kuyapasha: BHT kidogo, au tokoferoli, yaani vitamini E isiyozibwa. Polisobeti 80 yenyewe huchacha ikikaa wazi, kwa hiyo jerikeni iliyofunguliwa mwaka jana ikawekwa nyuma ya banda ni mbegu ya uozo. Inuse. Ikiwa na harufu kali ya mafuta ya zamani usiitumie.

Sasa ndipo zamu ya maji. Visima vingi vya Uganda vina chuma, na chuma huchochea oksidi kwa kasi. Huhitaji maabara kukijua: chota maji yakiwa angavu, yaache wazi usiku, yakiwa na kutu chini asubuhi, ni chuma. Chai ikitoka na weusi usio wa kawaida, ni ushahidi wa pili. Kwa dawa nzito tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa, au yaliyosafishwa kabisa, na tia EDTA kidogo ili ishike mabaki ya chuma. Maji ya bomba yana klorini, ambayo nayo hula vitamini. Yaache kwenye chombo wazi usiku mmoja kabla ya kuyatumia kunyweshea.

Chupa iwe ya kahawia au ya plastiki isiyopitisha mwanga, ijazwe hadi karibu na kifuniko. Dawa iliyokwisha kuzimuliwa tangini iandaliwe ya kunywewa siku hiyo tu, na tangi jeusi likae kivulini.

Utelezi kwenye mabomba, ukungu shingoni mwa chupa

Gliserini na mafuta ni chakula cha vijidudu. Walioongeza parabeni, dawa za kuzuia vijidudu, wanashangaa kwa nini hazifanyi kazi: parabeni hupenda mafuta, nazo huingia ndani ya miseli pamoja na vitamini, zikaacha maji bila mlinzi. Sodiamu benzoeti inataka pH chini ya 4.5 hivi, na vitamini A haipendi asidi. Mimi huchagua potasiamu sobeti kwenye pH 5 hadi 5.5, nakubali kwamba nguvu yake hapo ni ya wastani, na natengeneza kiasi kidogo kinachoisha haraka. Mabomba yasafishwe kwa maji matupu yenye msukumo kila baada ya siku za dawa.

Kila kitu ni angavu, lakini vifaranga bado wana miguu dhaifu

Uangavu unapima miseli. Haupimi vitamini. Unaweza kuwa na chupa inayong'aa isiyo na D3 hata chembe, kwa sababu D3 uliyonunua ilikuwa na lebo nzuri tu, na lebo nzuri huchapishwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala, ukisubiri. Nunua kwa muuzaji anayekupa cheti cha uchambuzi chenye namba ya bechi inayolingana na iliyo kwenye chombo.

Au umekosea kupima. D3 tupu ina IU milioni 40 kwa gramu, kwa hiyo IU milioni 1 ni miligramu 25, na mizani ya jikoni haiwezi kuziona. Ndiyo maana mfano wetu unatumia ile iliyozimuliwa tayari kwenye mafuta, gramu 1 nzima, na hata hiyo ipimwe kwa mizani inayosoma gramu 0.01. Kukosea kwenda juu ni kubaya zaidi: D3 ikizidi huweka kalsiamu kwenye figo, na vitamini A ikizidi huzuia ufyonzwaji wa D na E, ukaongeza dawa huku ukizidisha ugonjwa. Mwongozo wa Marekani wa lishe ya kuku wa mwaka 1994 unataja mahitaji ya kuku wa nyama kuwa IU 1,500 za A na IU 200 za D3 kwa kilo ya chakula. Kuku hunywa maji yenye uzito wa mara mbili hivi ya chakula anachokula, kwa hiyo mfano wetu tayari umepita hapo mbali. Hakuna sababu ya kuongeza "ili ifanye kazi haraka".

Vitamini K usiihangaikie kwa polisobeti. Inayotumika kwa kuku, K3 ya menadioni sodiamu bisalfaiti, huyeyuka kwenye maji yenyewe. Iongeze mwisho, dawa ikiwa imepoa, au itoe siku yake.

Swali la mwisho huja kutoka kwa wenye mbuzi na ng'ombe: je, dawa hii inaweza kudungwa? Hapana. Mwaka 1984 huko Marekani, E-Ferol, vitamini E iliyoyeyushwa kwa polisobeti 80 na polisobeti 20 na kudungwa kwenye mishipa ya watoto njiti, iliondolewa sokoni ikihusishwa na vifo vya watoto 38. Sufaktanti isiyo na neno tumboni ni kitu kingine kabisa ndani ya damu. Na ukitaka kuiuza hata ile ya kunywesha tu, ikiwa na jina na lebo, dawa za mifugo nchini ziko chini ya NDA, mamlaka ya taifa ya dawa, na mlango wa kuanzia ni huko, si kwa mchapaji.